Lugha ya mvinyo kwa mhudumu wa hoteli: mgeni akisema "dry", "body", "tannic" au "corked"

Swali: Mimi ni mhudumu wa chakula kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Kigoma. Wageni wetu wengi wanakwenda Gombe na Mahale, na wakirudi jioni wanaagiza mvinyo. Bia naijua vizuri, ila maneno ya mvinyo yananipiga chenga. Wanasema "dry", "full-bodied", "tannic", "crisp". Lebo nazo zina "brut", "reserve", "natural sweet". Juzi mgeni alirudisha chupa akasema ni "corked". Niliangalia ndani, hakuna hata kipande cha kizibo. Meneja akaona mgeni anatusumbua tu. Naombeni mnieleze maneno haya kwa namna ambayo nitaweza kuyatumia mezani. Na nitajifunzaje, maana mimi situmii pombe?

Jibu: Dada, tuanze na chupa hiyo, kwa sababu inawezekana kabisa mgeni wako alikuwa sahihi. "Corked" haina uhusiano na vipande vya kizibo vinavyoelea. Vipande vikiingia ndani, kizibuo hakikukaa sawa au kizibo kilikuwa kimekauka. Unavitoa kwa kijiko na mvinyo unanyweka kama kawaida. "Corked" ni harufu. Tutaieleza kwa kirefu hapo chini, maana ndiyo inayowagombanisha wahudumu na wageni mara nyingi. Ila ili uitambue, inabidi kwanza ujue mvinyo mzima unakaaje mdomoni.

Mvinyo (waini, divai, vyovyote mnavyouita hapo kazini) ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Hamira inakula sukari ya zabibu na kutoa pombe pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja zikiliwa zote, pombe inapanda kwa asilimia 1. Ndiyo maana zabibu zilizoiva sana juani hutoa mvinyo mkali, na mvinyo ambao hamira yake ilisimamishwa njiani hubaki mtamu na mara nyingi huwa na pombe ndogo, asilimia 8 au 9 hivi. Ishike hesabu hiyo, itakusaidia kusoma lebo nyingi.

Hamira ikimaliza sukari karibu yote, mvinyo unaitwa mkavu, na lebo inaandika "dry", au "sec" kwa Kifaransa, au "secco" kwa Kiitaliano. Kwa sheria za Ulaya mvinyo mkavu ni ule wenye sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, na unaruhusiwa kufika gramu 9 kama uchachu wake ni mkubwa wa kutosha. Afrika Kusini, zinakotoka chupa nyingi mnazoziona hotelini, kikomo ni gramu 5. Ukitaka kuona udogo wa kiasi hicho, tia kijiko kimoja cha chai cha sukari kwenye lita nzima ya maji, koroga, onja. Utamu hutausikia, au utausikia kwa mbali sana. Soda ya kola, kwa kulinganisha, ina zaidi ya gramu 100 kwa lita. "Off-dry" au "semi-dry" ni mvinyo ulioacha utamu kidogo. "Semi-sweet" tayari ni mtamu. "Late Harvest" na "Natural Sweet" za Afrika Kusini zina gramu 20 au zaidi. Mgeni akiagiza mvinyo mwekundu "dry" ukampelekea "Natural Sweet Red" kwa sababu zote ni nyekundu, ataurudisha, na hapo kosa ni la nyumba.

Wahudumu wengi huteleza kwenye harufu. Mvinyo unaweza kunukia embe, nanasi au zambarau na bado ukawa mkavu kabisa. Kunukia huko ndiko wageni wanakoita "fruity". Pua inaudanganya ulimi. Kipimo chake ni rahisi: mwonjaji azibe pua, aweke mvinyo kidogo mdomoni, asubiri sekunde 5. Kama sukari ipo, ulimi utaisikia hata pua ikiwa imezibwa. Kama utamu umepotea, ulikuwa wa harufu tu. Kwa hiyo mgeni anapouliza kama mvinyo ni mtamu, mjibu kwa sukari na umalizie kwa harufu: "Ni mkavu, ila una harufu kubwa ya matunda." Mpe jibu hilo kabla hujazibua.

Baada ya sukari kuna uchachu. Mvinyo wenye asidi nyingi huitwa "crisp", "fresh" au "zesty", na kwa anayeupenda hizo ni sifa. Ukikosa asidi huitwa "flat" au "flabby": umelala mdomoni, hauamshi hamu ya kula. Asidi hupimwa kwa mate. Meza, kisha inamisha kichwa kidogo na ufungue mdomo. Mate yakikutiririka pande zote za ulimi, uchachu uko juu. Kuna pia wageni watakaokuambia Chardonnay (mvinyo mweupe) fulani ni "buttery", yaani ina harufu ya siagi. Hakuna siagi iliyotiwa. Zabibu zina asidi aina ya maliki, kali kama ya tufaha bichi. Mtengenezaji akiruhusu bakteria waigeuze kuwa asidi ya laktiki, ambayo ni laini na ndiyo iliyo kwenye maziwa mgando, mvinyo unatulia na harufu ya siagi inazaliwa humo.

Tanini ndiyo neno linalosumbua zaidi, pengine kwa sababu watu wanalitafuta kwenye ladha wakati lenyewe ni mguso. Tanini inatoka kwenye ganda la zabibu, mbegu, vikonyo na kwenye mapipa ya mwaloni. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, hivyo hunyonya tanini na rangi kwa pamoja; mweupe hukamuliwa kwanza na maganda huondolewa, ndiyo maana tanini yake ni ndogo mno. Ikifika mdomoni, tanini inashikana na protini za mate zinazolainisha kinywa, na ghafla ulimi unakwaruza kwenye ufizi. Huo ni ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi. Mvinyo "tannic", "firm" au "grippy" una ukakasi mwingi. "Soft", "smooth" na "silky" ni ukakasi mdogo au uliolainika kwa umri. Usichanganye ukakasi na uchungu. Uchungu, kama wa mwarobaini, unausikia kama ladha na haukaushi kinywa, ukakasi unakausha. Na hapa ndipo mgeni anapoweza kukupoteza: anasema mvinyo ni "too dry" huku akigusa midomo yake, kumbe analalamikia tanini. Ukimletea mwingine mkavu wenye tanini ndogo, Pinot Noir kwa mfano, mara nyingi anatulia bila kuhitaji mvinyo mtamu.

Wewe usiyetumia pombe unaweza kuyajua haya yote kwa vitu vya jikoni. Andaa vikombe vitatu. Cha kwanza, maji ya mililita 200 na nusu ya ndimu: huo ni uchachu, angalia mate. Cha pili, chemsha majani ya chai vijiko viwili katika maji ya kikombe kimoja kwa dakika 10, chuja, acha yapoe, usitie sukari: hiyo ni tanini, na ni tanini kweli, kwa kuwa chai inayo. Cha tatu, maji yale yale ya ndimu ila ongeza vijiko viwili vya sukari: uchachu haujapungua hata kidogo, ila utamu umeufunika. Onja cha kwanza na cha tatu kwa kupokezana mpaka uweze kutenganisha sukari na asidi ukiwa umefumba macho. Kisha mimina maziwa ya ng'ombe kidogo kwenye chai ya kikombe cha pili, uone ukakasi unavyolainika. Protini ya maziwa imeishika tanini kabla haijafika kwenye mate yako. Hiyo ndiyo sababu ya mvinyo mwekundu kwenda na nyama na jibini. Harufu, nazo, hazihitaji kumeza chochote. Mhudumu asiyekunywa lakini mwenye pua iliyofunzwa anatosha kabisa kugundua chupa mbovu.

"Body" ni uzito wa mvinyo juu ya ulimi. "Light-bodied" unapita mwepesi, "full-bodied" unajaza kinywa, "medium" uko katikati. Uzito huo unaletwa zaidi na pombe, kisha sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka kutoka kwenye zabibu. Ukiwa huna nafasi ya kuonja, soma asilimia iliyo kwenye lebo: chini ya 12.5 tegemea mwepesi, 12.5 hadi 13.5 wa kati, zaidi ya hapo mzito. Ni kipimo cha makadirio tu, na kwa mvinyo mtamu hakifai, lakini mezani kinasaidia. Pombe yenyewe inasikika kooni kama joto. Mgeni akisema mvinyo ni "hot" haongelei nyuzi za joto, anasema pombe imejitokeza mno. "Fortified", kama Port na Sherry, ni mvinyo ulioongezwa pombe iliyokenekwa mpaka ukafika asilimia 15 hadi 22. Huo mimina mililita 50 hadi 75. Ukijaza glasi kama ya mvinyo wa kawaida utamlewesha mgeni na utaipa hoteli hasara.

"Finish" au "length" ni muda ladha inaobaki baada ya kumeza. "Balanced" ni pale sukari, asidi, tanini na pombe zinapokaa pamoja bila moja kupiga kelele. "Oaky" ni harufu za pipa: vanila, karafuu, mkate uliookwa, nazi. "Unwooded" au "unoaked" hauna pipa la mwaloni. Na ile michirizi inayoteremka kwenye glasi, "legs", inatokana na pombe kuvukiza haraka kuliko maji. Haisemi lolote kuhusu ubora, hata kama mgeni anaisifia.

Mvinyo wa mapovu una lugha yake na inapingana na ya mvinyo wa kawaida. "Brut" ni mkavu, sukari chini ya gramu 12 kwa lita. "Extra Dry" ina gramu 12 hadi 17, kwa hiyo ni tamu kuliko "Brut", ingawa jina linakuambia kinyume. "Dry" au "Sec" ni gramu 17 hadi 32, na "Demi-Sec" 32 hadi 50. Asili yake ni kwamba katika karne ya 19 mvinyo huu ulitengenezwa mtamu sana, na chochote kilichopungua utamu kiliitwa kikavu. Anayetaka mkavu kabisa mpe "Brut Nature" au "Extra Brut". Pia tazameni menyu yenu: Champagne ni ile inayotoka mkoa wa Champagne, Ufaransa, peke yake. Prosecco ni ya Italia, Cava ni ya Hispania, na Cap Classique ni ya Afrika Kusini, inayochachuka mara ya pili ndani ya chupa yake kama Champagne. Bei zinatofautiana mno, na mgeni aliyeletewa Prosecco kwenye mstari ulioandikwa Champagne ana haki ya kukasirika.

Chupa hizo zifungue kwa tahadhari. Ndani kuna msukumo wa takriban baa 6, karibu mara tatu ya tairi la gari dogo. Ipoze mpaka nyuzi 6 hadi 8, kwa sababu ikiwa ya moto mapovu yatamwagika yote. Tegua waya kwa kuzungusha nusu mzunguko mara 6, na tangu waya unapolegea kidole gumba kisitoke juu ya kizibo. Inamisha chupa nyuzi 45, mdomo uelekee pasipo na mtu, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa kwa chini. Kizibo kitoke kwa pumzi, bila mlio mkubwa.

Maneno mengine ya lebo ni ya kisheria zaidi kuliko ya ladha. Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa mavuno ya zabibu, siyo wa kutiwa kwenye chupa. Jina la zabibu, mfano Pinotage au Chenin Blanc, kwa chupa ya Afrika Kusini linamaanisha angalau asilimia 85 ni zabibu hiyo. Pinotage ni ya kwao hasa: mtaalamu wao wa mizabibu, Abraham Perold, aliipata mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut. "Blend" na "cuvée" ni mchanganyiko, na mchanganyiko haumaanishi umedunishwa. "Blanc de blancs" ni mweupe wa zabibu nyeupe. "Blanc de noirs" ni mweupe uliokamuliwa kutoka zabibu nyeusi bila kuacha maganda yaloe. "Reserve" inategemea nchi. Kwa mvinyo mwekundu wa Rioja, Hispania, "Reserva" ni lazima uwe umekaa miaka 3, ukiwemo angalau mmoja ndani ya pipa, na "Gran Reserva" miaka 5. Ukiiona kwenye chupa ya bei ya chini kutoka kwingineko, usiitumie kumshawishi mgeni alipe zaidi. "Contains sulphites" ni tangazo la lazima kisheria katika nchi nyingi pale salfaiti (kihifadhi cha mvinyo) inapozidi miligramu 10 kwa lita, na karibu kila mvinyo unazidi. Mgeni mwenye pumu akiuliza, mwambie wazi kwamba imo.

Msisahau Dodoma kwenye orodha yenu. Zabibu yake kuu nyekundu inaitwa Makutupora, na nyeupe inayolimwa sana ni Chenin Blanc. Kule hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Mgeni kutoka Ulaya, aliyezoea vuno moja, hufurahia sana kuambiwa hilo, na ni jambo ambalo wewe unaweza kumweleza kwa uhakika kuliko kitabu chake. Mwoneshe "dry" na "sweet" zake kwa uwazi ule ule.

Sasa "corked". Kizibo cha asili kinakatwa kwenye gome la aina ya mwaloni unaostawi zaidi Ureno na Hispania. Kuvu waliomo kwenye gome wakikutana na viambata vyenye klorini hutengeneza trikloroanisoli, inayofupishwa TCA. Wanasayansi wa Uswisi ndio walioitaja kuwa chanzo cha tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nanogramu chache kwa lita zinatosha kunusika. Ikiwa nyingi, mvinyo unanuka boksi la karatasi lililolowa, ghala lenye ukungu, kitambaa cha deki kilichofungiwa kikiwa kibichi. Ikiwa kidogo, haunuki kitu kibaya. Harufu ya matunda inakuwa imekufa na ladha inakatika mapema. Hali hii ya pili ndiyo ngumu, na huenda ndiyo iliyotokea kwako: mgeni anayeujua mvinyo ule aligundua kuna kitu kimepungua, wewe ambaye hujawahi kuunusa ukiwa mzima hukuwa na cha kulinganisha. TCA haidhuru afya. Ila haiponi: ukiacha glasi dakika 10, harufu ya ukungu inajitokeza zaidi.

Namna ya kuhakikisha ni kufungua chupa ya pili ya mvinyo ule ule, kumimina mililita 30 za kila moja kwenye glasi mbili zinazofanana, na kuzinusa kwa kupokezana. Tofauti itakuja yenyewe. Usinuse kizibo kama ushahidi. Kizibo kizuri kinaweza kunuka gome na kibaya kikakuficha. Na kama chupa ina kifuniko cha kuzungusha, TCA ni nadra mno, basi tafuta kasoro nyingine.

Kasoro hizo ni chache na kila moja ina alama yake. Mvinyo uliopigwa na hewa, "oxidised", unageuka rangi, mweupe kuwa kama chai ya rangi nyepesi na mwekundu kuwa wa kahawia, na unanuka tufaha lililochubuliwa au karanga zilizochacha. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ni kazi ya bakteria wa siki waliopata hewa. Ikiwa kwa mbali baadhi ya watu huivumilia, ikiwa kali chupa imekwisha. Harufu ya yai viza au kiberiti kilichowashwa, "reduced", ni kinyume chake, mvinyo umekosa hewa. Huu usiutupe: zungusha glasi kwa nguvu dakika 2 au mimina kwenye jagi la kioo, mara nyingi harufu inaondoka. Mapovu na ukungu (yaani mvinyo hauko angavu) ndani ya mvinyo ambao haukupaswa kuwa na mapovu ni dalili kwamba hamira imeamka tena ndani ya chupa. Chembechembe zinazong'aa kama sukari chini ya mvinyo mweupe au kwenye kizibo ni chumvi za asidi ya tartariki, hazina madhara. Mashapo meusi kwenye mwekundu wa zamani nayo si kasoro. Simamisha chupa wima siku nzima, kisha mimina taratibu ukimulika shingo kwa tochi ya simu, na uache kidogo cha mwisho.

Kasoro inayotuhusu zaidi huku magharibi ni ya joto. Chupa inayoletwa kutoka Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilometa 1,200, ipite reli au barabara, na ile ya Dodoma inapita Tabora na kukaa kwenye behewa au turubai juani. Kisha inafika stoo yenye bati. Mvinyo ukipashwa moto unatanuka, kizibo kinasukumwa juu, hewa inaingia, na matunda yake yananuka jamu iliyoungua. Wageni huita "cooked". Kagua mzigo siku unapofika: pitisha kidole juu ya kila kizibo, kikiwa kimetokeza nje ya mdomo au foili ina mchirizi wa kunata, weka chupa pembeni na umjulishe aliyeileta siku hiyo hiyo. Hifadhini chupa chumba cha chini kabisa chenye baridi na giza, zenye kizibo cha gome zilazwe ili kizibo kisikauke, na kamwe zisikae juu ya friji wala rafu iliyo jirani na jiko. Nyuzi 12 hadi 15 ndizo bora. Msipozipata, nunueni kidogo kidogo, mzigo uishe mapema.

Joto linaharibu pia mezani, bila chupa kuwa na kasoro. Ushauri wa kutoa mvinyo mwekundu katika "joto la chumba" uliandikwa na watu ambao vyumba vyao vilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Mchana wa Kigoma unafika 28 au 30. Kwa joto hilo pombe inapanda puani na mvinyo mzuri unaonekana mkali na mzito. Weka mwekundu dakika 10 kwenye ndoo ya barafu iliyotiwa maji, au saa moja kwenye friji, uje mezani na nyuzi 16 hadi 18. Mwekundu mwepesi uwe 13. Mweupe na wa waridi nyuzi 7 hadi 12, takriban nusu saa kwenye ndoo hiyo. Maji ni lazima, nusu kwa nusu na barafu, kwani barafu tupu inaigusa chupa sehemu chache. Usipitilize, maana baridi kali inaua harufu na kuukaza ukakasi.

Utaratibu wa kumwonjesha mgeni sasa utaueleza hata kwa wenzako. Onesha lebo kwanza, jina na mwaka visomeke. Fungua mbele yake, futa mdomo wa chupa, mimina mililita 30 kwa aliyeagiza, subiri. Anachokagua ni kasoro, siyo kama ameupenda. Akikubali, mimina wengine mililita 125 hadi 150, yeye awe wa mwisho. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 au 6. Akikataa kwa kusema "corked", usibishane wala usimwite meneja aje kuonja mbele yake. Omba radhi, ondoa chupa na glasi, leta nyingine. Kisha nyuma, wewe na meneja nuseni zote mbili. Iliyorudishwa ifungeni na mvinyo wake uliobaki, mwandike tarehe na sababu, mrudishe kwa muuzaji. Wasambazaji wengi hubadilisha chupa yenye TCA wakiioneshwa. Zungumza na meneja kwa utulivu kuhusu hili, ana haki ya kujua kwamba mgeni hakuwa akiwasumbua.

Chupa za kuuza kwa glasi ziandikwe tarehe shingoni siku zinapofunguliwa. Zikizibwa vizuri na kuwekwa kwenye friji, mweupe na mwekundu hukaa siku 3 hadi 5, wa mapovu siku 1 hadi 3 kwa kizibo maalumu, Port wiki kadhaa. Mwekundu ulioachwa kaunta usiku kucha kwa joto letu usiuuze kesho yake jioni kabla hujaunusa.

Upande wa chakula, migebuka wa kuchoma na ndimu au dagaa wa mawese wanataka mvinyo mkavu wenye uchachu wa kutosha kukata mafuta. Chenin Blanc au Sauvignon Blanc wanafaa. Mwekundu kwa samaki huacha ladha ya chuma na shombo, na utafiti umeonesha kuwa madini ya chuma yaliyo ndani ya mvinyo yanahusika. Tanini na pombe nyingi hukoleza moto wa pilipili, hivyo kwa mgeni aliyeomba kachumbari kali mpe wenye pombe ndogo au utamu kidogo. Nyama choma na mwekundu wenye tanini haihitaji maelezo.

Mgeni asiyejua anachotaka muulize mambo matatu tu: mkavu au wenye utamu, mwepesi au mzito, na anakula nini. Na kwenye menyu pendekeza kila mvinyo uwe na mstari mmoja kwa lugha mbili, kwa mfano: "Chenin Blanc, Afrika Kusini, asilimia 12.5. Mkavu, uzito wa kati, uchachu wa juu, harufu ya pera na nanasi. Hutolewa baridi." Uandike ukiwa na chupa mkononi, na mzigo mpya ukija na mwaka mwingine, angalia tena asilimia ya pombe kabla ya kuacha mstari ule ule.